Tangi Lilivyogeuka Kijani Sebuleni Kibondo

Kuna kaka mmoja kinyozi ambaye Sinza walimjua vizuri. Alikuwa na kiti chake saluni, wateja wake wa Ijumaa jioni, na ukurasa wake wa Instagram wa picha za "kabla na baada" uliopendwa si mchezo. Mwaka jana mke wake, muuguzi, akapangiwa kituo cha kazi Kibondo. Washkaji wakamshauri: mwache atangulie, mtaonana likizo. Yeye akafungasha mashine zake za kunyolea na kumfuata. Mjini ikawa gumzo. Mwanaume mzima anamfuata mke Kigoma! Kwa mtu wa Sinza, Kigoma ni mwisho wa reli, na Kibondo hata hiyo reli yenyewe haifiki.

Kwenye mizigo yake kulikuwa na kitu ambacho konda wa basi hakukielewa: tangi la samaki la kioo, urefu sentimita 60, ujazo wa lita hamsini na kitu, limefungwa kwenye blanketi na kupakatwa kama mtoto mchanga. Chini ya kiti kulikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa, ndani samaki tisa aina ya gapi, wale wadogo wenye mikia kama kitenge. Njia nzima kutoka Dar, basi likisimama tu anafunua mfuniko kuhesabu. Walifika wote tisa wazima.

Lile tangi lilikuwa jibu. Waliokuwa wanasema jamaa amefulia, amekwenda kuishi kwenye vumbi jekundu, sasa wangeona sebule yenye zulia, taa ya zambarau na mimea inacheza majini. Video ya kwanza aliiposti siku ya nne tu baada ya kufika. Mke wake anaonekana kwa nyuma, bado ana sare za kazini, anacheka. Ikapendwa kuliko video yoyote ya kunyoa aliyowahi kuweka.

Ili picha itoke vizuri aliliweka tangi dirishani, upande wa mashariki, jua la asubuhi lipite katikati ya maji. Usiku taa za LED zinawaka mpaka saa saba. Umeme haukuwa kisingizio. Kigoma ilianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na kaka wa watu aliutumia. Mwanga ulikuwa wa kufa mtu. Mimea ilikuwa mashina sita.

Picha alizokuwa anaziiga zina mwenyewe. Ni Mjapani, Takashi Amano, mpiga picha aliyezaliwa 1954 na kufariki 2015, ambaye aligeuza matangi ya samaki kuwa misitu na mabonde chini ya maji. Wengi wanaoposti matangi leo wanamuiga bila hata kumjua jina. Kuna mambo mawili ambayo picha zile hazisemi. Kwanza, tangi hupigwa picha siku yake bora kuliko zote, kama bibi harusi. Pili, Amano alikuwa na jeshi la usafi: yeye ndiye aliyewapa umaarufu wale uduvi wadogo wa maji baridi wanaokula mwani kutwa nzima, mpaka leo duniani wanaitwa kwa jina lake. Kibondo huyo uduvi unamtoa wapi?

Wiki ya tatu utando wa kahawia ukatokea kwenye kioo na kwenye majani. Huo haukuwa wa kumtisha mtu. Tangi jipya kwa kawaida hulipata, ni viumbe vidogo mno viitwavyo diatomu, unafuta kwa kitambaa mara chache na wenyewe wanapungua tangi linavyokomaa. Yeye akapaniki. Akamwaga maji yote, akaosha mchanga kwa maji ya moto, akasugua kila kitu mpaka kikang'aa. Video safi ya "kabla na baada" ikapatikana, tena kwa mtindo wake uleule wa saluni.

Kumbe kwenye ule mchanga ndimo walikuwa wanaanza kuweka makazi bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, halafu naitreti. Kazi hiyo huwachukua wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi. Jamaa aliwachemsha wote, akaanza moja bila kujua kwamba ameanza moja.

Mwezi wa pili maji yakageuka. Siyo kioo, maji yenyewe, kama mtu amekamulia kisamvu ndani. Baadaye nyuzi za kijani zikaota kwenye majani na kwenye mawe, ndefu, laini, zinapepea. Kinyozi akawa na kichwa kingine cha kunyoa kila asubuhi kabla hajaenda kufungua.

Mtaani watu wanasema ukoga, vitabuni ni mwani. Hauletwi na jicho la mtu wala na maji ya Kibondo, kama alivyoanza kuamini. Mwani unataka mwanga, na unataka naitrojeni na fosforasi, ambazo tangini zinatoka kwenye chakula kilichobaki, kinyesi na majani yanayooza. Mimea ya kawaida inagombea chakula hichohicho. Ikiwa mingi na ina afya, mwani unabaki na njaa. Ikiwa mashina sita yaliyochoka safari, mwani unajichukulia. Ndivyo ilivyotokea hata Ziwa Victoria: udongo na mbolea za mashambani, maji machafu ya miji, ghuba zikawa za kijani, na miaka ya 1990 magugu maji yakajitandaza juu yake mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Lita hamsini zinafika huko kwa wiki chache.

Saluni yake mpya, pale Kibondo mjini, alikuwa anakuja mzee mmoja wa Ujiji aliyehamia kwa binti yake. Mzee huyo ujanani alikuwa mzamiaji, anakamata samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya kusafirishwa nje. Watu wa Kigoma wanaijua biashara hiyo, ng'ambo ya pili pia. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anasafirisha samaki hao kutoka Burundi tangu miaka ya 1970. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kijana wa Ulaya anajua majina yao kuliko kijana wa Kibirizi.

Jamaa akamuuliza kuhusu Tropheus. Alikuwa amesoma kwamba huyo samaki kazi yake ni kula mwani mawe kwa mawe, na yupo hapo chini tu, mkoa huohuo, unamwagiza kwa basi la Kigoma anafika siku hiyohiyo.

"Anachunga mwani kama mbuzi, kweli," mzee akasema, kichwa kimeinama chini ya mashine. "Lakini yule ana ubabe, kijana. Anataka kundi lake na tangi la kuvua nguo ukaoge. Ukimtia kwenye kisanduku chako na hao wadogo zako, atawakimbiza mpaka wakonde. Na maji ya ziwa ni makali, siyo haya." Alikuwa sahihi, maji ya Tanganyika yana alkali nyingi, pH yake inakaribia 9. Halafu akauliza: "Unawalisha mara ngapi?"

"Mara mbili, shikamoo— samahani mzee, geuka kidogo. Mara mbili, tena kidogo tu."

Mzee akanyamaza. Alilipa, akapiga makofi mawili ya kuaga, kama wenyeji wa huku wanavyosalimiana, akaondoka.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya. Mke yuko wodi ya wazazi, zamu za usiku hazihesabiki. Anarudi asubuhi mume ameshatoka. Mume anarudi usiku, mke ameshaondoka, au amelala kama gogo. Mume moyoni anasema: nimeacha mji kwa ajili yako na hata huonekani. Mke moyoni anasema: siku moja uliyopumzika umeimaliza na ndoo na kitambaa. Hakuna aliyesema kwa sauti. Wanandoa wapya wana adabu hiyo mbaya.

Mteja mwingine akampeleka kwenye kijito nje ya mji, huko akavuna mmea wa kuelea wenye majani kama mkia wa paka aliyeshtuka. Wataalamu wanauita Ceratophyllum, unaota sehemu nyingi za Afrika, mpaka Tanganyika wenyewe upo. Hapo alipatia. Hauna mizizi, unafyonza chakula moja kwa moja majini, unakua haraka, na mwani hauupendi hata kidogo. Shida ni abiria waliopanda nao: konokono wadogo bapa, wamejikunja kama kamba iliyozungushwa. Kufika wiki ya pili walikuwa kila mahali.

Mke akawaona alfajiri moja, hata viatu hajavua.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Mtoni. Wamekuja na majani."

"Mume wangu. Na mkono unatumbukiza humu?"

"Wanakula ukoga, bebi. Unaona kioo kilivyo?"

"Wanakula ukoga, na wewe watakula ini."

Hakuwa anatania. Tanzania ni kati ya nchi zenye kichocho kingi zaidi Afrika, na kichocho cha tumbo hupitia kwa konokono wa aina hiyo, bapa, wa maji yaliyotulia. Konokono hazaliwi nacho. Anakipata pale kinyesi cha mtu mgonjwa kinapoingia majini. Akishakipata, anatoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu bila hata kuwasha sana, na mayai ya minyoo yakikaa miaka mwilini ini linaumia. Kwa macho huwezi kumjua konokono mwenye kichocho na asiye nacho. Kijito kile watu wanafua, wanaoga, watoto wanafanya yao. Mke akataka wote watolewe, majani yatupwe mbali na maji, na mume aende akapime choo zikishapita wiki kadhaa, maana mayai hayaonekani mapema. Mume akasema sawa.

Sawa yake ilikuwa hii: duka la pembejeo, mrututu. Zile chembe za bluu ambazo wakulima wanachanganya kupulizia kahawa na nyanya. Alikuwa amesoma mahali kwamba shaba inaua mwani na inaua konokono. Ni kweli. Karne iliyopita mrututu ulimwagwa kwenye mifereji ya umwagiliaji ya Misri na Sudan kupambana na konokono wa kichocho. Ila mfereji wa Sudan si sebule yenye samaki tisa. Yeye akaona dawa moja, maradhi mawili, na mke atafurahi. Akatia chembe tatu, kila moja kama punje ya mchele. Kopo akalificha nyuma ya sabuni.

Asubuhi konokono wote walikuwa chini, wametoka nje ya magamba. Mwani ukaanza kupauka, jamaa akacheka. Mchana maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Vitu vyote vilivyokufa kwa pamoja vilikuwa vinaoza kwa pamoja, na kuoza kunakula oksijeni na kutoa amonia, huku shaba yenyewe inachoma mashavu ya samaki. Bakteria wa kusaidia hawakuwepo wa kutosha, walishaoshwa kwa maji ya moto. Kufika kesho yake jioni gapi sita kati ya tisa walikuwa wanaelea. Mmoja alikuwa jike lenye tumbo, ambalo mke alikuwa analisubiri. Gapi hazai mayai, anazaa watoto wanaoogelea, na dada huyu wa wodi ya wazazi alishasema lile litajifungua wiki hii, akapigiwa mahesabu na kila kitu.

Aliporudi akauliza limekwenda wapi. Mume akasema hajui, amekuta tu. Mke akaenda kunawa mikono. Sabuni ilikuwa imesogezwa.

Hakusema kitu. Siku hiyo usiku, jamaa akaposti tena ile video ya siku ya nne, yenye maji meupe na mke anacheka, na maneno "Kibondo tunaishi". Pongezi zikamiminika. Mke aliiona akiwa zamu. Akaweka kopa jekundu. Alfajiri akaingia, akasalimia, akalala. Lile kopa lilimkaa jamaa kooni kuliko angepigiwa kelele. Wiki nzima nyumba ile sentensi ndefu ilikuwa "chakula kipo mezani".

Kilichofungua midomo ni kopo la chakula cha samaki. Alikuwa ameagiza jipya kutoka Dar, la kutosha miezi mitatu kwa hesabu zake. Wiki ya tatu analitikisa, tupu. Jumapili, wote wawili wapo, akauliza kwa sauti ya mzaha nani anakula chakula cha samaki humu ndani.

"Mimi nawalisha," mke akasema. "Nikirudi, na kabla sijatoka."

"Mbona mimi nawalisha asubuhi na usiku?"

"Nikifika wanakuja wote kiooni mbio. Nikajua umewasahau."

Samaki wa tangi hukimbilia kiooni kila anapoona mtu, awe amekula au hajala. Ni waongo kupindukia. Mara nne kwa siku, miezi mitatu, chakula kinashuka kwenye lita hamsini, nusu kinaliwa na nusu kinazama mchangani. Swali la mzee wa Ujiji lilijibiwa vibaya kwa sababu aliyejibu alikuwa anajua nusu ya jibu.

Jamaa akauliza kwa nini hakusema. Mke akafikiri, akasema: "Nikiingia nyumba nzima imelala au imetoka. Wao ndio wananipokea."

Hapo walikaa kidogo bila kuongea, lakini ilikuwa kimya ya aina nyingine. Kisha mume akatoa kopo la mrututu nyuma ya sabuni na kuliweka mezani. Mke akasema alilijua siku ileile.

Kazi yenyewe ya kulirudisha tangi haikuwa na maajabu, na haikutaka dawa. Ule mchanga ulitupwa wote, maana shaba hung'ang'ania humo. Tangi likatolewa dirishani likawekwa ukuta wa ndani usiofikiwa na jua. Mimea mipya ikaja na basi kutoka Dar kwenye chupa za maji ya kunywa, mingi safari hii, ikapandwa imebanana. Ule ukijani wa majini ulijaribu kurudi wiki chache baadaye, wakalifunika tangi kwa lile blanketi la safarini siku nne kamili, hakuna mwanga, hakuna chakula. Gapi mzima hafi kwa siku nne za njaa. Walipofunua, maji yalikuwa yameanza kung'aa. Wakapunguza nusu ili mwani uliokufa usije ukaozea humo. Tangu hapo ni robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba yanalala kwenye ndoo wazi siku nzima au mbili ili klorini itoke. Taa inawashwa saa kumi jioni, inazimwa saa nne usiku. Saa sita zinatosha mimea, na ndizo saa ambazo angalau mmoja wao yupo macho nyumbani. Nyuzi zilizobaki zinatolewa kwa mswaki mkuukuu, unazizungusha kama tambi. Vipimo vya kichocho vilitoka safi.

Chakula ni mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na Jumatano hawali kabisa. Wa kulisha anaandika kwenye kalenda ya ukutani. Mke alianza kuandika kama anavyoandika chati za wodini: saa, kiasi, herufi ya jina. Mume akajaza vivyo hivyo siku mbili tatu, halafu akawa anaongeza vyake pembeni. "Wamekula. Wali upo kwenye hotipoti." Chini yake, mwandiko wa pili: "Nimeuona. Mapacha leo, wote wazima." Kesho yake: "Hongera. Mmoja wao apewe jina langu."

Mzee wa Ujiji alipitishwa siku moja kuliona. Akainama, akatazama kioo cha nyuma, ambacho wamekiacha na utando mwembamba wa kijani ambao gapi watatu wale wanaudonoa kutwa. Akauliza mbona hawakisugui. Mke akamwambia hicho ndicho chakula chao cha Jumatano.

Video mpya haijawekwa bado. Washkaji wa Sinza wanauliza mara mojamoja, tangi vipi. Jamaa anajibu, "Lipo."